Mshale Niliousoma Mimi

Mlandege, Iringa
Siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Rajabu,

Salamu nilikupa asubuhi ulipoingia kunijulia hali, kwa hiyo tusianze kuulizana tena kama watu waliopoteana mwaka mzima. Tuko nyumba moja. Kupitia ukutani nakusikia ukifungua na kufunga lile sanduku la bati, na kila ukilifunga unakumbuka kitu kingine. Najua ni kichekesho mama kumwandikia barua mtoto aliye chumba cha pili. Lakini nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Jumanne uliniuliza swali. Ulisimama pale mlangoni ukasema, "Mama, marehemu baba alikuwa anasemaje kuhusu mita za kupimia umeme? Nikifika Mbeya nataka ninunue yangu, sijui nichague ya namna gani." Nikakujibu, "Mimi mambo ya mita nayajulia wapi? Waulize mafundi." Ukacheka kidogo, ukaenda zako. Nilikudanganya, Rajabu. Katika nyumba hii hakuna anayeijua ile mita kuliko mimi, na hata baba yako alipokuwa hai hakuwepo.

Mambo ya blanketi, ya baridi ya Mbeya, ya kuchagua marafiki na kutoacha sala, shangazi yako Mwanaidi amekwisha kukuambia mara nne, na kesho atakuambia mara ya tano. Hayo namwachia yeye. Mimi nitakujibu swali lako la mita, na ndani ya jibu hilo kuna neno ambalo limenikaa kooni tangu siku ya msiba. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujainuka.

Nimemwomba shangazi yako anipe nafasi baina ya adhuhuri na alasiri, nikasema kichwa kinauma. Si uongo sana. Huu ni mwezi wa tatu nimo ndani ya eda. Nimekijua chumba hiki mpaka nyufa zake: kitanda, mkeka, dirisha dogo linaloangalia uani, na pazia la mlangoni. Kizingiti cha nyumba sijakivuka tangu walipomtoa baba yako. Wanawake wanaingia na kutoka, wananiletea uji, wananisomea, wananiambia nisubiri. Nasubiri. Lakini mtu akifungiwa na jambo lake hana pa kuliweka, analizunguka tu, na mimi nimelizunguka mpaka nimechoka.

Basi nianze na macho ya baba yako, maana hilo hukulijua. Ulikuwa shule ya bweni, ulikuwa unakuja likizo, unamkuta anafanya kazi barazani kama kawaida. Hukuona kuwa alikuwa anagusa kila kitu kwanza kwa vidole kabla hajakishika. Ukungu uliingia jicho la kulia, kisha la kushoto likafuata. Nilimwambia aende hospitali akasema atakwenda mvua zikikatika, na mvua za huku unazijua.

Kabla ya mita alikuwa akipima kwa njia za kizamani. Betri aliionja kwa ulimi, kweli, anagusisha waya kwenye ncha ya ulimi kisha anasema hii nzima, hii imekufa. Umeme wa nyumba aliupima kwa taa ya kujaribia: globu kwenye holda yake na nyaya mbili zinazoning'inia. Ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, haupo. Mtoto mdogo angeweza kuisoma taa ile. Nataka uikumbuke kwa sababu nitairudia.

Mita tuliinunua Mbeya, mwaka ule tulipokwenda harusini kwa mjomba wako. Siku ya pili yake baba yako akanichukua mpaka duka moja la Mhindi linalouza vifaa vya redio. Nilidhani ananipeleka kununua kitambaa, nikavaa vizuri. Muuzaji akatutolea mita mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, inang'aa, uso wake umezidi kidogo kibiriti. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, ina mkanda wa ngozi wa kubebea, na uso mpana wenye mistari mingi ya namba.

"Fundi, hii ndogo tamu sana," muuzaji akasema. "Unaweka mfukoni, unakwenda zako. Hii kubwa ya watu wa serikali."

Baba yako akazichukua zote mbili, akaniita mlangoni penye mwanga, kama mtu anayetaka kuniuliza bei. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Rajabu, ipi unaisoma bila kuinama?"

"Kubwa. Lakini kwa nini uniulize mimi?"

"Kwa sababu mimi hata moja siioni."

Nilisimama pale mlangoni na buibui langu la harusi, watu wanapita. Ndivyo nilivyoambiwa kuwa mume wangu anapofuka. Akarudi mezani akasema tunachukua kubwa, na muuzaji akamsifu kuwa anajua vitu. Njiani basi liliposimama Nyololo watu wakashuka kununua viazi, sisi tukabaki ndani, mita iko mapajani mwangu, na pale ndipo tulipopatana. Yeye atafungua vitu na kutengeneza kwa mikono, maana mikono yake ilikuwa bado inaona. Mimi nitasoma mshale. Na mtu yeyote asijue. Nani atampa redio yake fundi kipofu?

Ndiyo mwanzo wa lile pazia. Wateja walikuwa wakisikia, "Ngoja nikaipime ndani, kule kuna utulivu," na yeye anaingia na redio, na mimi nipo mkekani nachambua mchele. Mtaa mzima ulisema Fundi Salehe ana jini chumbani linalomwonyesha ubovu. Wewe mwenyewe ulirudi likizo moja ukaniuliza kama ni kweli. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, ukadhani nakudhihaki. Jini lenyewe lilikuwa limevaa khanga iliyochanika na lina ukoko chini ya kucha.

Mwanzoni sikujua hata namba zile. Mimi ni mtu wa chuo cha Kurani, nilijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu na kuhesabu kwa namba zake. Herufi hizi ninazokuandikia, ambazo naona zinapanda na kushuka kama mbuzi, nilizijifunza kutoka kwenye uso wa mita. Baba yako alinichorea namba moja moja kwa chaki kwenye sakafu. Nilikosea sana. Uso ule una safu za namba moja juu ya nyingine, na kila safu ina kituo chake kwenye swichi ya kuzungusha. Wiki ya kwanza nilisoma safu ya juu badala ya ya chini, nikasema ishirini na tano mahali penye mia mbili na hamsini, na redio ya mteja ikatoa moshi. Baba yako hakunifokea. Alimlipa mwenye redio, akaja akaketi, akasema tuanze upya.

Kisha nikaizoea, na baada ya kuizoea nikaipenda. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilipenda kuweka zile ncha mbili, nyekundu na nyeusi, kwenye miisho ya waya nikaona mshale unakimbia upande wa pili, nikajua waya huu haujakatika, nitafute kwingine. Nilipenda kujua kitu ambacho watu wa nje hawakijui. Mchana nilikuwa mke wa fundi anayepika, na kwa nusu saa nyuma ya pazia nilikuwa fundi. Na papo hapo nilikuwa nimefungwa. Kwenda kwetu Kilosa kumwona mama yangu sikuweza, maana nikiondoka siku tatu kazi inalala. Kuugua sikuweza. Alipokuja mteja nikiwa naoga nilitoka na povu mgongoni. Niliwahi kumwambia baba yako, "Umenioa mara mbili, na hii ya pili haina siku ya mapumziko." Akacheka, akarudi barazani.

Sasa jibu la swali lako. Usinunue ndogo kwa sababu inaingia mfukoni. Nunua ambayo uso wake utausoma jioni, umechoka, umechuchumaa kwenye kona ya nyumba ya mtu isiyo na dirisha. Usidanganywe na wingi wa vitu inavyopima; utatumia vitatu au vinne maisha yako yote. Zungusha swichi yake dukani. Ikishika kila kituo kwa mlio, vizuri. Ikilegea kati ya kituo na kituo, iache, maana siku moja itasimama pasipo mahali na wewe hutajua. Zikunje zile nyaya zake utazame kama ngozi imepasuka. Mwambie muuzaji akuruhusu uipime betri mpya ya dukani, na umeme wa ukutani mwake, kabla hujatoa pesa. Akikataa, mshukuru, toka.

Na sasa lile jingine. Mita ile ina upande wa betri na upande wa umeme wa nyumba, na swichi moja ndiyo inayochagua. Fikiri hapa kwetu ni nyumba ngapi zina umeme. Hazifiki nusu ya mtaa. Redio nyingi zilizokuja kwa baba yako zilitoka kwa wakulima na walimu wa huko milimani, zote za betri. Siku tano katika sita mita yetu ilikaa upande wa betri. Mkono wangu ulizoea hivyo. Nilikuwa naichukua, naweka ncha, nasoma, swichi siitazami tena.

Ukiiacha upande wa betri ukaenda kupima umeme wa nyumba, mita haitapiga kelele. Haitaungua. Mshale utatetemeka kidogo mno na utakaa kwenye sifuri. Utakuambia hakuna kitu, na kitu kipo, tena kile kinachoua.

Ijumaa ile asubuhi alikuja mwalimu kutoka Kihesa, mzee wa Kihehe unayemjua, yule mwenye kofia ya sufu. "Kamwene, fundi," akasalimu kwa Kihehe, "redio yetu imenyamaza, na kanisani wananidai habari." Baba yako akaileta ndani. Nikazipima betri zake, moja baada ya moja, mbili zilikuwa zimekufa. Mwalimu akaenda zake. Mita nikaiweka pembeni.

Mimi nilikuwa na haraka ya kanzu. Nilitaka kuipiga pasi kabla ya sala, ile pasi ya umeme ambayo baba yako aliifufua mwenyewe, na soketi ya ukumbini ilikuwa imeanza kutoa cheche. Ningeweza kuwasha mkaa. Nilisema, "Baba Rajabu, kwa fundi ndiko soketi zinakotoa cheche? Itengeneze basi, ni dakika mbili." Alikuwa ametoka kutia udhu. Miguu yake ilikuwa inaacha alama za maji kwenye saruji. Akamwita mdogo wake, "Hamisi, toa fyuzi."

Baba yako mdogo Hamisi alikuwa pale kwenye kisanduku cha fyuzi karibu na mlango. Akatoa. Taa ya ukumbini ikazimika, mimi na Hamisi tukaiona imezimika. "Nimetoa, kaka," akasema. Nyumba hii aliyeijenga alitenganisha taa na soketi, kila moja na fyuzi yake, na sisi wapangaji hatukujua. Hamisi alitoa ya taa. Alifanya alichoambiwa, na alichokiona kilimwonyesha kuwa amefanya sawasawa.

Na ndiyo maana ya mita, mwanangu. Mita ipo ili mtu akisema "nimetoa" uhakikishe. Baba yako hakugusa waya hata siku moja kwa neno la mtu, hata la ndugu yake. Akaniambia, "Pima," bila kumficha Hamisi, maana yeye aliishi nasi na siri yetu alikwisha kuijua. Nikaweka ncha mbili kwenye soketi. Mshale ukatetemeka. Niliuona, Rajabu. Nilidhani ni mkono wangu.

"Sifuri," nikasema.

"Sifuri kabisa?"

"Sifuri. Fanya haraka, wataadhini sasa hivi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mume wangu. Yaliyofuata uliyasikia kwa watu, na sina haja ya kukurudishia. Hamisi ndiye aliyemvuta kwa kushika nguo aliyokuwa amevaa, hakumshika mwilini, na hata hapo alikuwa amechelewa.

Taa ile ya kujaribia ingewaka. Ningeiona hata ningekuwa nje. Lakini haikuwepo, kwa sababu mimi niliivunja. Nilisema sasa tuna mita, ya nini matakataka haya, nikaichukua globu yake nikaiweka jikoni. Nilijivunia mita. Na jambo ambalo lingeniokoa lilikuwa dogo: kabla Hamisi hajatoa fyuzi, ningepima kwanza soketi ninayojua ina umeme, nione mshale unapanda. Mita ikikuonyesha kile unachokijua, ndipo uiamini kwa kile usichokijua. Kisha ukimaliza, ijaribu tena mita mahali unapojua pana umeme. Kila mara. Hata ukiwa umepima asubuhi. Hata mtu akikuharakisha, na hasa mtu akikuharakisha. Wakikucheka kule karakana ya Mbeya, waache wacheke.

Sasa nikuambie kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la mkono. Hili nimelifanya kwa akili yangu timamu, kila siku, kwa miezi hii yote.

Walipokaa ukumbini, wazee na yule Mzungu wa umeme aliyekuja kukagua, wakauliza ilikuwaje. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia hili hili, shangazi yako amenishika. Hamisi akasema, "Mimi ndiye niliyetoa fyuzi. Nilitoa isiyo yake." Mzungu akauliza kama fundi alipima. Nilingoja Hamisi aseme. Alikuwa amesikia kila neno, alikuwa hatua nne kutoka nilipochuchumaa. Tena kabla wazee hawajafika aliiokota mita sakafuni, akaitazama swichi yake, akanitazama mimi, kisha akaisukuma chini ya kitanda changu. Alijua. Na alipoulizwa mbele ya watu akajibu, "Hakupima. Aliniamini mimi."

Ningeweza kusema pale pale. Pazia ni kitambaa tu, sauti inapita. Sikusema. Nilijiambia nitasema baada ya maziko. Kisha baada ya hitma. Kisha nikajiambia mwanamke aliye edani haitwi barazani kutoa maelezo. Siku zikawa zinajipanga, na kila siku iliyopita ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Kisha maneno ya watu yakaanza. Umeyasikia, najua, maana yaliyokufikia wewe yalipitia kwangu kwanza. Kwamba Hamisi aliitaka karakana ya kaka yake hapa barazani. Kwamba hana mke, na mjane wa kaka yake yupo, na eda ikiisha mtaona. Shangazi yako mwenyewe aliyasema hapa kitandani kwangu, akidhani ananionya. Hapo mlango ukafungwa kabisa. Nikisema Hamisi hana kosa, watasema unaona, anamtetea, walikuwa wamepatana. Nikisema mimi ndiye niliyesoma mshale, wataniuliza kwa nini mke asome, na itabidi niseme fundi wenu mliyemsifu miaka yote alikuwa haoni. Nikinyamaza, yule kijana anaoza barazani. Na yeye siwezi hata kumwita tukashauriana. Ni shemeji, na mimi niko edani. Tangu siku ile nimesikia sauti yake kupitia pazia mara mbili: "Shemeji, kuni zimeletwa," na "Shemeji, poleni."

Unajua anavyoishi. Hakuna anayemwita nyumbani kwake kutengeneza hata swichi. Anafungua karakana asubuhi, anaketi, anafunga. Na wewe ndiye uliyemuumiza kuliko wote, kwa sababu ulikuwa na haki ya kumuumiza kwa vile ulivyoambiwa. Toka urudi hujampa shikamoo. Ulihamisha kitanda chako kutoka chumba chake. Akiingia kula, unainuka na sahani yako. Nilikuwa nasikia kila kitu humu ndani, vijiko vikisimama, mlango ukifungwa, nikawa naendelea kukaa. Mama gani anasikia mwanawe akimchukia mtu kwa kosa la mama mwenyewe, akavuta shuka? Mimi. Ndiyo aibu yangu, na nakuonyesha yote.

Ndiyo maana unakwenda Mbeya. Ulimwambia shangazi yako kuwa huwezi kufanya kazi chini ya mtu aliyemuua baba yako. Nafasi ile ya karakana ya Mbeya ni nzuri na sikuzuii. Nenda. Usibaki kwa kunionea huruma, maana hapo nitakuwa nimekufungia humu pamoja nami, na mmoja anatosha. Lakini sikubali uondoke umebeba uongo wangu ukiuita haki.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Shangazi yako nitamwambia kesho gari likishaondoka, na nimemwagiza aje na mzee Mfaume wa msikitini, aketi upande wa pili wa pazia asikie. Sitangoja eda iishe. Ukitaka kuniambia ninyamaze kwa ajili ya jina la baba yako, najua utakachosema, na nimekwisha kujisemea mwenyewe mara mia. Baba yako alikuwa fundi mzuri asiyeona. Hilo halina aibu. Tulilifanya aibu sisi wawili kwa kulificha, na limemla yeye, sasa linamla ndugu yake.

Mita bado iko chini ya kitanda, nimeifunga kwa khanga. Swichi yake sijaigusa, iko pale pale pa betri. Siku nyingine nanyoosha mkono mpaka nakigusa kitambaa, naurudisha. Ukiitaka ni yako, ni nzuri kuliko utakayoipata dukani kwa pesa zako. Swichi uizungushe wewe. Usipoitaka nitaelewa.

Jua limeshuka kwenye ukingo wa dirisha, na nasikia shangazi yako anakohoa kule uani, ndiyo namna yake ya kuniambia muda umekwisha. Barua hii nitakupa mkononi utakapoleta maji ya udhu wa alasiri. Sitakuambia uifungue ukiwa kwenye basi. Ningekuwa nimekimbia tena, na wewe ungebaki na maneno haya peke yako mpaka Mbeya.

Sikuombi unisamehe kwa asubuhi moja. Sijui hata kama mimi ningeweza. Ukiona huwezi kuniangalia, pitia mlango wa ukumbini, si lazima upite huku kwangu. Nitasikia sanduku likiburutwa na nitajua, na sitaweza kukufuata, maana mwisho wangu ni hapa kwenye pazia. Nitalia, lakini sitakulaumu.

Ila barazani utamkuta Hamisi. Nimesikia umemkodi hamali wa mkokoteni ili asikubebee yeye. Hata hivyo atakuwepo tangu alfajiri, amekwisha kuoga, amevaa shati lake moja zuri, amesimama kando ya mlango asikuzibie njia. Amefanya hivyo kila asubuhi tangu urudi, nawe ukampita. Hajui kama nimekuandikia. Hatakuuliza kitu.

Mimi unaweza kunipita, mwanangu. Yeye mpe shikamoo.

Mama yako